Viluwiluwi wa Wizara ya Kuzoea

Mgeni alinikuta nimelala kifudifudi kwenye tope la lambo, pua ikikaribia kugusa maji, nikitazama jinsi viluwiluwi, watoto wa chura, walivyokuwa wakiota miguu. Kivuli chake kilifika kabla yake. Viluwiluwi wakatawanyika, nami nikafoka, "Hebu toka kwenye mwanga!" kwa sababu sikujua kwamba kivuli kile kilikuwa cha Serikali.

"Wewe ndiye Nehemia, mtu wa vyura?"

Niligeuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa suti nyeusi na tai, suruali ameikunja hadi magotini, viatu amevishika mkononi kama mtu aliyetoka kununua samaki.

"Ndiye mimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fidelisi Kang'ombe, Afisa Mwandamizi, Wizara ya Kuzoea. Gari limenasa kule korongoni, lakini tumezoea. Inuka, kijana. Taifa linakuhitaji."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo tangu siku niliyopewa shahada yangu ya elimu ya wanyama. Wenzangu wa chuo waliposema nchi haina haja na watu kama sisi, niliwajibu kwamba nchi ni kama mama mwenye watoto wengi, huchelewa tu kukufikia. Sasa ilikuwa imenifikia, tena pekupeku. Machozi yalinilengalenga.

Naomba msomaji asiniulize ni nchi gani. Jina la nchi yetu ni mali ya Serikali na matumizi yake huombewa kibali. Mimi niliomba. Nilijibiwa nizoee kusema "nchi yetu".

Wizara ya Kuzoea lazima niieleze kidogo. Zamani tulikuwa na Wizara ya Maji, Wizara ya Afya na Wizara ya Elimu. Maji yalipopungua, dawa zilipokwisha na walimu walipoacha kulipwa, wataalamu waligundua kwamba kuendesha wizara tatu za vitu visivyokuwepo ni ubadhirifu. Zikaunganishwa zikawa moja, na kazi yake ni kumsaidia mwananchi azoee. Kila mtu alikubali kwamba ndiyo wizara iliyofanikiwa kuliko zote katika historia yetu.

"Tumeisoma kazi yako ya chuo," Bwana Fidelisi aliniambia tukipanda ukingo wa lambo.

"Yote, mzee?"

"Hadi katikati. Karatasi ziliisha mashine ikiwa bado inatoa nakala. Tukaona katikati panatosha."

Kazi yangu ilikuwa na nusu mbili. Katika nusu ya kwanza niliandika kwamba lambo likianza kukauka, kiluwiluwi hasubiri. Mwili wake unahisi maji yanapanda joto na wenzake wanambana, nao unaharakisha kila kitu. Miguu inatokeza kabla ya wakati wake, mkia unanywea, na kabla maji hayajakwisha yeye ameshatoka nje akiwa chura. Nusu ya pili ilihusu gharama ya haraka hiyo. Chura aliyeharakishwa hutoka mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Haruki mbali, huugua upesi, hutaga mayai machache, na wengi hawauoni msimu wa pili. Na maji yakipungua kupita kiasi, hakuna haraka inayotosha. Wote hufa wakiwa na miguu nusu.

Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyokosa karatasi.

Shangazi yangu Sechelela alikuwa juu ya ukingo, amesimamia zamu ya maji. Ndiye aliyenilea, na huniita baba kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. Alimtazama mgeni kuanzia tai hadi vidole vya miguu.

"Viatu umevivua kwa heshima au kwa tope?"

"Kwa tope, mama."

"Afadhali wewe. Aliyekuja mwaka jana alisema kwa heshima, akaondoka na mbuzi wetu."

Pale kijijini Muhungo tuna desturi moja. Mwanamke akishajaza ndoo yake, kabla ya kujitwika, huchota kata moja ya maji, ile kata yetu ya kibuyu, na kuirudisha lamboni huku akisema, "Ya wenyeji." Wenyeji ni vyura. Kuna mwaka mmoja wa ukame, mimi nikiwa mdogo, watu waliona kata moja ni nyingi, wakaacha. Vyura wakaisha. Mvua iliporudi, lambo likajaa maji na mbu, na hakukuwa na wa kuwala. Masika hayo shangazi alimzika Damari, binti yake wa pekee, kwa malaria. Tangu hapo husimama pale ukingoni asubuhi hadi jua linapokuwa kali, na asiyerudisha kata huitwa kwa jina la ukoo wake mzima.

Bwana Fidelisi alieleza kwamba Wizara ilinihitaji mimi pamoja na beseni moja la viluwiluwi, kwa ajili ya Sikukuu ya Kuzoea.

"Beseni la wenyeji?" shangazi akauliza. "Wakafanye nini mjini? Wapige kura?"

"Wataonyeshwa kwa viongozi, mama. Ni heshima kubwa."

"Na nani atawarudisha?"

"Mimi, shangazi," nikasema. "Nakuahidi. Kabla mvua haijanyesha watakuwa wamerudi humu humu."

"Wote?"

"Watakaokuwa hai."

"Baba, sikukuuliza watakaokuwa hai."

"Wote," nikasema, kwa kuwa nilikuwa na shahada, na suti ilikuwa imesimama kando yangu.

Akanipa kata yake mwenyewe. "Kila siku uwaongezee kata moja. Na usiwaonyeshe kwa mtu mwenye njaa."

*

Makao makuu ya Wizara ya Kuzoea yana ghorofa tisa na lifti iliyokufa. Kwa macho ya msomi wa wanyama lilikuwa jengo la kuvutia mno. Watumishi wa ghorofa ya tisa walikuwa wamekonda, na mapaja yao yalikuwa magumu kama ya swala. Wa ghorofa ya kwanza walikuwa wanene na wapole. Watu wa juu na wa chini walikuwa hawajaonana kwa muda mrefu kiasi kwamba salamu zao zilianza kutofautiana.

Mji mzima ulikuwa vivyo hivyo. Miti ilipokatwa kupisha mabango, kunguru walijifunza kujenga viota kwa nyaya za simu. Mbwa wa barabarani walijua ratiba ya misafara ya viongozi kuliko polisi, na walivuka barabara nyuma yake kwa mpangilio. Wakazi nao walikuwa wamejifunza jambo ambalo sijaliona kwa kiumbe mwingine yeyote. Kwa kuwa umeme hukatika katikati ya hotuba, na aliyewahi kuchelewa kupiga makofi hakuonekana tena, walitazama midomo ya kiongozi. Ikiacha kucheza, walipiga makofi. Sauti haikuhitajika tena.

Nilipelekwa kwa Waziri, Mheshimiwa Profesa Balthazari Nkwabi. Uprofesa wake alitunukiwa na wizara yake mwenyewe kwa kuizoea kuliko wote. Aliinama juu ya beseni langu akalitazama kwa upendo.

"Hawa," alisema, "ndio raia. Niambie, Mshauri, kiluwiluwi akikosa maji hulalamika?"

"Hapana, Mheshimiwa. Katika umri huo hana sauti."

"Hana sauti!" Akamgeukia Bwana Fidelisi. "Iandikwe hiyo. Hana sauti! Je, huunda tume?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Huandika kwenye mitandao? Huenda kwa mabalozi wa nje?"

"Hapana, Mheshimiwa, yeye huota miguu tu. Lakini kuna nusu ya pili ambayo..."

"Huota miguu!" Alisimama, mkono kifuani, na nilielewa kwamba hotuba ilikuwa imeanza ingawa tulikuwa watatu tu mle chumbani. "Ndugu wananchi! Miaka yote mmetuuliza, maji yako wapi? Nami leo nawauliza ninyi, miguu yenu iko wapi? Kiumbe asiye na shule, asiye na chama, asiye hata na shingo, ameota miguu! Wewe mwenye kadi ya kupigia kura umeota nini?"

Midomo ilipotulia, Bwana Fidelisi akapiga makofi. Nami nikapiga.

Siku hiyohiyo niliteuliwa Mshauri wa Taifa wa Viluwiluwi. Nilipewa chumba ghorofa ya tisa na kiti cha miguu mitatu. Nilijifunza kukikalia kwa kuegemea ukuta, na nilijiona nimeanza vizuri. Nusu ya pili ningeieleza kesho yake. Kesho yake niliambiwa ni ya awamu ijayo.

*

Sera ya Kuota Miguu ilitangazwa kabla ya wiki kwisha. Bango lilibandikwa kila ukuta wa mji, ambako ingeanza kwa majaribio: MWANANCHI, OTA MIGUU! Chini yake kulikuwa na picha ya kiluwiluwi mwenye tabasamu, ingawa niliwaeleza wachoraji kwamba mdomo wa kiluwiluwi haukai hivyo.

Maji yakafungwa kwanza hospitalini, ambako wataalamu walisema watu wana haraka zaidi. Kisha shuleni. Elimu ya msingi ikafupishwa, na mtoto aliyeweza kuandika jina lake akapewa cheti cha utu uzima na jembe. Nilihudhuria mahafali moja. Mhitimu wa kwanza darasani alikuwa hajang'oa meno ya utoto, na alipoitwa jukwaani aliuliza kama hakuna jembe dogo kuliko lile.

Wajawazito wakashauriwa, kwa mabango yenye maua, wafikirie kujifungua mwezi wa saba, kwa kuwa miezi miwili ya mwisho ilionekana kuwa ya anasa. Nilidhani hakuna atakayetii. Lakini watoto wakaanza kweli kuzaliwa kabla ya siku zao, kwa sababu mama zao walikuwa wakibeba maji kutoka mbali huku matumbo yao yakiwa matupu. Wizarani wakapongezana. Keki ikakatwa. Mimi nilisimama na kipande changu mkononi nikijiambia kwamba ni kosa la karatasi tu, kwamba watu wema wakiisoma nusu ya pili watashtuka na kuacha.

Nilimfuata Waziri nyumbani kwake Jumapili. Nilimkuta amelala chali ndani ya bwawa lake la kuogelea, maji yamejaa hadi ukingoni na mengine yakimwagikia kwenye nyasi.

"Mheshimiwa," nikasema, "samahani. Hata haya maji...?"

"Mshauri! Ni wewe uliyenifundisha. Hukuandika kwamba katika kila jaribio lazima pawe na kundi moja linaloachiwa maji yake yote, ili kuwalinganisha na wengine?"

"Niliandika, Mheshimiwa. Kundi la kulinganishia."

"Basi. Baraza la Mawaziri lilikaa, likajitolea. Sisi ndio kundi la kulinganishia." Alizama, akaibuka, akatema maji. "Unadhani ni rahisi? Tunawaona wenzetu wakiota miguu, sisi tunabaki hivi hivi. Lakini sayansi ni kujitoa."

Nilirudi kwa miguu, nikiwaza kwamba kweli nilikuwa nimeliandika.

Viluwiluwi wangu nao waliendelea kubadilika. Mtumishi wa Wizara hupewa chupa moja ya maji kwa siku. Kila asubuhi nilipima kata moja kutoka kwenye chupa yangu, nikaimimina katika beseni, na kilichobaki ndicho nilichokunywa. Hata hivyo beseni lilikuwa dogo na chumba kilikuwa na joto la bati. Miguu ilitokeza upesi mno. Wengine walikufa wakiwa na mkia bado. Waliobaki walitoka wadogo, weusi, miguu kama nyuzi, wakakaa juu ya jiwe nililowawekea, wakinitazama.

*

Shangazi alinipigia simu siku tatu kabla ya Sikukuu. Nyuma yake kulikuwa na ngurumo ya mashine.

"Baba, malori yamekuja. Yana mabomba kama tembo. Yanavuta lambo."

"Nani kawatuma, shangazi?"

"Wanasema Muhungo tumeteuliwa kijiji cha mfano. Wanasema wewe ndiye uliyetutaja."

Nilikumbuka kwamba jina la Muhungo lilikuwa katika nusu ya kwanza ya kazi yangu ya chuo.

"Nimewaambia warudishe kata moja," akaendelea. "Mmoja kijana wa watu akacheka, akasema, 'Mama, bomba halina kata.' Nikamwita kwa ukoo wake wote, akanyamaza, lakini bomba halikunyamaza."

"Vyura je?"

"Wamevutwa na maji. Waliobaki wamekauka pale topeni, watoto wanawaokota kama vifungo." Kisha akauliza polepole, "Hao wako wapo?"

"Wapo wachache."

"Basi hao wako ndio wa Muhungo. Ulisema kabla ya mvua."

"Nilisema, shangazi."

"Mawingu yameanza kukaa upande wa Magharibi," alisema, na simu ikakatika.

Nilimkuta Bwana Fidelisi chini, kwenye ngazi. Aliniambia maji ya Muhungo yalikuwa yakiletwa Uwanja wa Sikukuu. Pale katikati walikuwa wamejenga kiluwiluwi wa saruji, mrefu kuliko nyumba, ambaye angerusha maji kutoka mdomoni mwake mchana kutwa kumpendeza Mlezi Mkuu wa Taifa, ambaye ndiye mkuu wa nchi yetu.

"Mzee, huko kuna watu. Kuna shangazi yangu, umemwona."

"Nimemwona. Mama mwenye maneno." Aliangalia viatu vyake. "Nina watoto wanne, Nehemia. Wanasoma. Nimezoea."

*

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Uwanja ulijaa. Yule kiluwiluwi wa saruji alitema maji ya kijiji chetu juu angani, na upepo ukayapeleka upande wa viongozi, wakaburudika. Watu waliokaa upande wa pili walipanua midomo kidogo, kwa adabu, kila upepo ulipokosea njia. Mlezi Mkuu alikaa chini ya mwavuli wa dhahabu, mbali sana, kiasi kwamba sikuweza kujua kama alikuwa macho.

Mpango ulikuwa hivi. Mimi ningepanda jukwaani na beseni na kusema sentensi moja tu: "Hawa hapa, wameota miguu bila msaada wa mtu yeyote." Waziri angemwaga maji kwenye zulia jekundu, vyura wangeruka mbele ya Mlezi Mkuu, na Sera ingepitishwa nchi nzima. Nami ningepewa ajira ya kudumu na nyumba yenye bomba katika mtaa wa kundi la kulinganishia. Niliahidiwa hata kwamba shangazi angeweza kuja kukaa nami.

Nakiri kwamba nililiwaza bomba hilo. Nilimwona shangazi akilifungua na kulifunga, akilifungua na kulifunga.

Nilipopewa kipaza sauti, nilianza vizuri.

"Ndugu zangu," nikasema, "hawa wameota miguu. Lakini walisaidiwa. Kila siku walirudishiwa kata moja ya maji, na bila kata hiyo wangekufa wote. Na hawa mnaowaona ni dhaifu. Wameharakishwa. Kiumbe anaweza kubadilika ili aishi, lakini huilipa haraka hiyo kwa mwili wake, na kwa watoto wake ambao hawatazaliwa. Anayemkaushia maji hamfundishi chochote. Anamwua taratibu. Watoto wetu..."

Niliona taa ndogo ya kipaza sauti imezimika. Sikujua ilizimika lini. Niliendelea kwa sauti yangu yenyewe, kwa nguvu zangu zote, hadi mwisho wa nusu ya pili, kila neno nililolisubiri kulisema tangu nifike mjini. Kisha midomo yangu ikatulia.

Uwanja mzima ukapiga makofi.

Yalikuwa makofi mengi kuliko niliyowahi kuyasikia. Watu walisimama. Mama mmoja mstari wa mbele, mwenye mtoto mchanga mdogo mno mgongoni, alipiga makofi huku machozi yakimtoka, na sikujua kama ni ya jua.

Waziri akanikumbatia. "Umesema vizuri mno!"

"Mheshimiwa, hukunisikia."

"Sijasikia hata neno. Ndiyo maana nakwambia vizuri." Akashika ukingo wa beseni. "Haya, tumwage."

Nilivuta beseni upande wangu. Alivuta upande wake, akitabasamu kuelekea kwenye mwavuli. Maji yakamwagika kidogo kwenye kiatu chake, akaruka nyuma, na katika nafasi hiyo nikashuka ngazi. Sikukimbia, kwa sababu beseni lenye maji halikimbizwi. Watu wakanipisha njia, wakipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Getini alisimama Bwana Fidelisi.

"Weka hilo beseni chini, mwanangu."

"Siwezi, mzee."

"Sikiliza. Nyumba ile ina bomba. Nimelifungua mwenyewe jana, nikanawa uso. Utaiacha kwa ajili ya nini?"

"Nilimwahidi shangazi nitawarudisha. Ulikuwepo."

"Vyura!" Alishusha sauti. "Mtu mzima na shahada yake, ahadi ya vyura!"

"Ingekuwa ahadi kubwa, mzee, ningepata sababu ya kuivunja. Hii ni ndogo mno."

Nyuma yetu makofi yalikuwa bado yanaendelea, kwa kuwa Waziri alikuwa amesimama mdomo wazi bila kusema kitu na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuacha.

"Ukivuka hapa shahada inafutwa," alisema. "Hutafundisha, hutaajiriwa, hutajiita msomi popote katika nchi yetu. Na mimi ndiye nitakayeiandika barua hiyo. Unajua kuwa nitaiandika."

"Najua."

"Niweke sababu gani?"

"Weka kwamba sikuzoea."

Akageuka akatazama ukuta, kama mtu anayesoma bango, na akalisoma kwa muda mrefu wa kunitosha kuvuka.

*

Gari pekee lililokuwa likielekea Muhungo lilikuwa lori la kuvuta maji, likirudi tupu. Dereva aliitwa Machibya.

"Umebeba nini?"

"Vyura."

"Mimi nimebeba hewa. Panda."

Njiani aliniuliza kama ni wa kula. Nikamweleza. Baada ya hapo alianza kuyakwepa mashimo, na pale yasipokwepeka alipunguza mwendo hadi karibu kusimama.

"Unakwenda kuvuta tena?" nikamuuliza.

"Yaliyobaki."

"Yakiisha?"

"Nimepangiwa kijiji kingine."

Redio ya lori ilikuwa ikisoma taarifa. Muhungo ilitangazwa kuwa kijiji cha kwanza nchini kilichokwisha kuzoea, na kwa furaha kubwa kikafutwa kwenye ramani ya maji ya taifa. Mtangazaji akasoma pia jina langu miongoni mwa waliofutiwa shahada. Alilitamka vizuri. Maji ya kunywa niliyokuwa nayo niliyamaliza kuwaongezea vyura pale jua lilipokuwa utosini, na Machibya akanipa funda la kwake.

Lambo halikuwepo. Palikuwa na shimo la tope lililopasuka vipande vipande, na katikati yake kidimbwi cha ukubwa wa mkeka. Machibya alishuka, akakitazama, akatazama bomba lake. Kisha akasema bomba linaziba kwa tope kama hilo, ingawa mimi naona lingeweza kuyavuta. Akageuza gari.

Wanawake walikuwa kwenye foleni. Shangazi alikuwa mahali pake.

Nilimwonyesha beseni. Aliinama.

"Ni hawa tu?"

"Ni hawa. Wengine walikufa kule mjini. Wengine njiani."

"Ulisema wote, baba."

"Nilisema, shangazi."

Alinyoosha kidole, chura mmoja akapanda juu yake. Hakufikia hata ukucha. Shangazi alikileta kidole karibu na macho.

"Wembamba hivi?"

"Waliharakishwa."

Aliendelea kumtazama. Nilingoja aniite kwa jina la ukoo wangu mzima, ambao pia ni wake. Upande wa Magharibi mawingu yalikuwa yamejipanga, makavu, yasiyo na haraka yoyote. Nikaliinamisha beseni kwenye kidimbwi na vyura wakaingia mmoja mmoja, wakatulia mahali maji yalipokutana na tope.

"Nimechelewa, shangazi?"

"Mvua imenyesha?"

"Bado."

"Basi hujachelewa."

Alichota kata moja kutoka kwenye ndoo yake, ambayo ilikuwa haijafika hata nusu, akaimimina polepole pale vyura walipokaa.

"Ya wenyeji," akasema.

Kisha akaipanguza kata kwa kanga yake na kunikabidhi, kwa sababu zamu iliyofuata ilikuwa yangu.